Ernestine na Mahali pa Kutua Mzigo

Ernestine wa mlimani ana kichwa kigumu kuliko watu wote ninaowajua, na ninawajua wengi. Marehemu mume wangu alikuwa mbishi. Mama yake alimpita, maana hata siku ya kufa alikataa kulala upande ule muuguzi aliomlaza. Lakini Ernestine amewaacha wote nyuma. Ndiyo maana katika kusimulia habari za watu wangu nimeanza na yeye, na dada yangu aliyetaka nianze naye anaweza kuendelea kununa.

Ernestine ni Mfuliiru wa kule juu. Ukisimama pwani yetu hapa Uvira ukainua macho, utaona kijiji chake asubuhi tu, kabla mawingu hayajakaa. Kushuka ni saa nne, kupanda ni saa sita. Analima maharagwe na viazi. Tangu akiwa msichana, kila Jumanne na kila Ijumaa anafunga kitunga mgongoni, anapitisha mkanda kwenye paji la uso, anashuka. Mliangalie paji lile leo: pale mkanda unapokaa pameingia ndani kidogo, panang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Haoni haya. Siku moja muuguzi kijana alimuuliza kama ni kovu la ajali, akajibiwa, "Hapana. Hiyo ni diploma yangu."

Minye, yaani mimi, ni mtu wa ziwa, Mvira wa hapahapa, wananiita Mama Gracien. Kazi yangu ni ndagala, wale samaki wadogo tunaoanika juani mpaka wanakuwa kama fedha. Sisi watu wa maji tunabeba kichwani: ngata chini, beseni juu, shingo imenyooka. Mara nyingi nimemwambia Ernestine kwamba mtu wa kubeba mgongoni anatazama chini kama mwizi, na mtu wa kubeba kichwani anatazama mbele kama bibi harusi. Yeye anajibu kwamba ndiyo sababu vidole vyangu vya miguu havina kucha.

Sasa niwaeleze desturi yetu, kwa maana bila hiyo hamtaelewa ule ugomvi.

Muntu akiwa amebeba mzigo, haumuulizi bei. Unamsalimia. Unamuuliza habari ya watoto, ya mvua, ya mgonjwa wao. Bei, hapana. Aliyebeba amechoka, na aliyechoka anakubali neno lolote ili apumzike. Kumuuliza bei wakati ule ni kumwibia mchana kweupe. Basi unangoja. Atue mwenyewe, anawe miguu, anywe maji. Hapo ndipo midomo ya biashara inafunguka. Na pale alipotua, soko ndio liko pale. Hakuna kumwambia, "Inua tena kidogo, tusogee kule kwenye kivuli."

Minye nilijifunza hivyo kwa njaa. Nilikuwa nimeolewa juzi, sijazaa bado, nina haraka ya kuonyesha wenzangu kwamba ninajua kazi. Nikaona msichana anashuka na maharagwe mekundu, mazuri, yamejaa kitunga. Nikamkimbilia njiani kabla wengine hawajamwona.

"Weye! Kopo ngapi kwa kopo?"

Hakugeuza hata jicho. Akanipita kama mti. Akatua mbele, akanawa, akabadilishana na kila mwanamke wa pwani isipokuwa mimi. Juma lililofuata, vilevile. La tatu, vilevile. Nyumbani mume wangu alikula ugali na ndagala, ndagala na ugali, mpaka akaniuliza kama maharagwe yamekufa duniani. Juma la nne nikachukua ndoo ya maji safi, nikaiweka pale anapotua, nikarudi nyuma nikakaa kimya. Akatua. Akanawa mguu mmoja, akanawa wa pili, polepole, kama mtu asiye na mahali pa kwenda. Kisha akanitazama mara ya kwanza.

"Sasa umeanza kuwa mtu," akasema. "Kopo moja la ndagala, mawili ya maharagwe."

Huu ni mwaka wa arobaini na moja tunagombania makopo hayo. Anasema ndagala zangu ninazimwaga kwa juu ili zisimame zenyewe kwa zenyewe, kopo lionekane limejaa. Ni kweli. Na yeye anapopima maharagwe, kidole gumba chake kimo ndani ya kopo. Ni kweli pia. Tumezaa, tumezika, tumekimbia vita tukarudi, na kidole kile bado kimo ndani ya kopo.

Mahali petu palikuwa kwenye mdomo wa kijito, pale mlima unaposogelea ziwa mpaka barabara inabaki nyembamba kama mshipi. Maji ya mlima ya kunawa yalikuwa hapo, baridi. Mitumbwi ilipumzika hatua mia moja kutoka pale. Mama wa mlimani alikuwa na hesabu yake: anatoka kwake saa kumi na moja alfajiri, anatua saa tatu, saa tano anajifunga na kupanda, saa kumi na moja jioni yuko mlangoni kwake na jua bado liko. Hesabu hiyo haina nafasi hata ya mtu kufunga kamba ya kiatu. Njia ile haipandwi na giza. Kuna korongo mbili, na mwaka mmoja tulimpoteza mtu humo.

Halafu ziwa likapanda. Nyinyi wote mnakumbuka ule mwaka, 2024. Maji yaliingia nyumbani kwa watu bila kubisha hodi. Pale tulipokuwa tunaketi, samaki wakaanza kupita. Jiwe ambalo Ernestine alikuwa anakalia likawa kisiwa cha bata wa jirani. Tulicheka, tungefanya nini tena.

Komite ya soko ikatafuta mahali papya. Rais wa komite anaitwa Bonaventure, mtu mzuri, msafi, shati lake lina pasi hata siku ya mvua. Akapata uwanja upande wa kaskazini, ufuko mpana ambapo mitumbwi ilikuwa imehamia. Wakajenga meza za saruji, wakaezeka manjanja, yale mabati, mapya yanayong'aa mpaka unafumba macho. Gari la mchele kutoka Bwegera, kule bondeni, lilikuwa linafika mpaka mlangoni. Minye nilifurahi sana, sitadanganya. Nilichagua meza ya kwanza kabisa, nikatandika kikwembe changu kipya juu yake.

Kulikuwa na jambo moja tu. Kutoka mdomo wa njia ya mlima mpaka kwenye yale manjanja ni mwendo wa saa nzima, ukiwa na mzigo, juani. Na saa nzima kurudi.

Ernestine alikuja kupaangalia siku moja, mikono mitupu. Akatazama paa. Akagonga meza kwa kidole.

"Pazuri," akasema. "Mtauziana nyinyi kwa nyinyi."

"Una maana gani?"

"Minye nitatua kwenye kivuko."

Kivuko ni pale kijito kinapokata njia, juu kidogo ya barabara, kabla hakijafika kwenye maji mapya ya ziwa. Kuna mawe, kuna maji, hakuna kitu kingine. Nikacheka.

"Kwenye kivuko hakuna samaki, Ernestine. Soko iko mahali samaki iko."

"Samaki ina wewe wa kuibeba. Maharagwe yana nani?"

"Una miguu!"

"Nina mguu," akasema, akapiga goti lake la kushoto. "Huu mwingine unanifuata tu."

Hapo ndipo nilipaswa kufikiri. Goti lile lilikuwa limeanza kumsumbua mwaka mzima. Saa moja ya kwenda na saa moja ya kurudi, juu ya zile kumi zake, maana yake giza limkute kwenye korongo. Asingeweza. Angebaki kule juu na maharagwe yake, na kushuka kwake kungekuwa kumekwisha. Alikuwa anaongea juu ya maisha yake, na minye nilikuwa naongea juu ya meza yangu ya saruji.

Lakini nikishasema neno, nimesema.

Jioni ile alipitia kwangu kunywa chai, kwa sababu kugombana hakukatazi chai, na alikuwa analala mjini kwa mtoto wa dada yake. Mjukuu wangu Fabiola alikuwa amekaa mezani na kaye zake, yale madaftari ya shule. Fabiola ni mwalimu wa historia kwenye sekondari, na alikuwa anatayarisha somo la miji ya kwanza kabisa ya dunia. Nikaona hapa nimepata wakili.

"Fabiola, msomee huyu. Miji ya zamani ilijengwa wapi? Si ilikuwa kando ya maji?"

"Mingi, ndiyo, Tate," akasema. Tate ndivyo wajukuu wetu wanavyotuita. "Kuna nchi kati ya mito miwili, Mesopotamia. Mito ilikuwa inafurika, inaacha tope zuri, shayiri inaota mpaka inabaki. Na Misri pia. Kule mto unakwenda kaskazini na upepo unakwenda kusini, basi mtumbwi unashuka na maji na kurudi na tanga."

"Umesikia, Ernestine? Maji! Tope! Kama bonde letu la Ruzizi. Mahali chakula kinabaki, watu wanakusanyika."

Ernestine akavuta chai yake kwa sauti, makusudi.

"Wale wa mito miwili," akamuuliza Fabiola, "walikuwa na mawe?"

Fabiola akafunua ukurasa. "Hapana. Walijenga kwa matofali ya udongo."

"Walikuwa na mbao za kuezekea?"

"Mbao ngumu, hapana. Zilitoka milimani, mbali."

"Shaba ya jembe?"

"Hapana. Nayo ilitoka mbali."

"Sasa," Ernestine akaweka kikombe chini, "hawa watu walikuwa na tope na shayiri. Mlimani kulikuwa na kila kitu kingine. Mji huo ulijengwa na mto peke yake, au na mtu aliyeshuka na mbao?"

"Mbao ziliteremka na mto wenyewe, Mama," Fabiola akasema.

"Aaa! Hizo zilibebwa na maji. Yangu inabebwa na shingo. Hakukuwa na mizigo ya kubebwa na kitu chenye miguu?"

Fabiola akaanza kucheka, na hapo nikajua wakili wangu amenikimbia. Akatusomea habari za mji mmoja unaoitwa Ashuri, miaka karibu elfu nne iliyopita. Wafanyabiashara wa mji huo walipakia punda vitambaa na bati, wakasafiri majuma sita mpaka nchi ya milima, kwenye mji unaoitwa Kanesh. Punda hawakupandishwa ngomeni kwa mfalme. Chini ya mji kulikuwa na mahali pao pa kutua, na hapo ndipo biashara yote ilikuwa. Na wale watu walipaita mahali pale bandari.

"Bandari?" nikauliza. "Kulikuwa na ziwa?"

"Hapana, Tate. Mlimani kabisa. Lakini ndivyo walivyopaita, kwa sababu kwao bandari ni pale mzigo unapotua."

Ernestine alinyoosha mguu wake mbaya, akautazama kwa furaha, kama mtu anayetazama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Na wanawake wao?" nikauliza, ili tutoke hapo.

"Walibaki Ashuri wakifuma vitambaa. Waliwaandikia waume zao barua juu ya vipande vya udongo. Zimeokotwa maelfu. Wengine wanalalamika kwamba wanatuma vitambaa vizuri, na huko wanaambiwa ni vyembamba, eti waongeze sufu."

Tukatazamana, Ernestine na mimi.

"Miaka elfu nne," akasema, "na Mama Gracien bado anamwaga ndagala kwa juu."

Tulicheka mpaka Fabiola akatuomba tutoke nje ili amalize kazi. Lakini kucheka si kukubali. Ijumaa iliyofuata minye nilikwenda kwenye manjanja yangu, na Ernestine akatua kwenye kivuko.

Juma la kwanza hakuna mwanamke wa mlimani aliyefika mezani kwangu. Walitua wote pale alipotua Ernestine, kama kawaida yao, wakangoja samaki. Samaki hawakuja, kwa sababu samaki walikuwa wamekaa juu ya meza ya saruji. Kwetu kulikuwa na ndagala na mchele, mchele na ndagala. Niliuza kidogo. Honorine, anayeuza meza ya pili, aliniambia, "Huyu wa mlimani atachoka." Nikamwambia bila shaka. Juma la pili, vilevile. La tatu, mvulana wa Gracien akaniuliza kama maharagwe yamekwisha Kongo yote, na nikamwona babu yake mbele yangu na sahani yake.

Juma la nne Bonaventure alipita akipiga manjanja kwa fimbo yake, akasema soko jipya linahitaji subira. Shati lilikuwa limepigwa pasi. Nilitamani kulimwagia mchuzi.

Juma la tano, Ijumaa asubuhi, Honorine alikuja na habari. Alizipata kwa dereva wa moto, hizi pikipiki, aliyepita kivukoni. Wanawake wa mlimani wamechoka kurudi na maharagwe yao. Leo ndio mwisho. Kuanzia Jumanne watafuata njia ya mgongo mwingine wa mlima, washukie pwani ya kusini, kwa wavuvi wa kule.

"Na Ernestine?" nikauliza.

"Njia ile ni ndefu, Mama Gracien. Goti lake. Anasema atakuwa anawafunga wenzake mizigo, yeye abaki."

Niliangalia ndagala zangu. Nikainuka, nikaweka ngata, nikainua beseni.

"Unakwenda wapi?" Honorine akauliza.

"Kuangalia kijito. Nasikia maji yamepungua."

"Na beseni?"

"Nikuachie weye? Una mkono mwepesi."

Nikaondoka. Nilipofika kwenye kona nikasikia nyayo, nikageuka: Honorine na beseni lake kichwani.

"Na wewe?"

"Ninakwenda kuangalia weye unaangalia nini."

Nyuma yake kulikuwa na wengine sita, kila mmoja na beseni, na kila mmoja anaangalia pembeni kana kwamba amepita tu.

Tulifika kivukoni karibu na saa nne na nusu. Wanawake wa mlimani walikuwa wameketi kwenye mawe, vitunga vimejaa. Ernestine alikuwa katikati, miguu ndani ya maji. Hakusimama.

"Mama Gracien! Karibu."

"Sijakaribia. Ninapita."

"Unapita kwenda wapi? Mbele ni mlima."

"Kuangalia mlima."

Wenzake wakaanza kukohoa, kile kikohozi cha watu wanaomeza kicheko. Nami nikasimama pale na beseni langu kichwani, na hapo nikaona ujinga wangu wote. Nikitua, soko liko kivukoni, na nimeshindwa mbele ya watu. Nisipotua, hakuna anayeweza kusema neno la biashara na mimi. Nimebeba, ninasalimiwa tu. Na Ernestine alijua. Alinisalimia kama sijawahi kusalimiwa katika maisha yangu.

"Gracien mzima?"

"Mzima."

"Mke wake?"

"Mzima."

"Yule mdogo, jino limeota?"

"Limeota."

"Fabiola anafundisha vizuri?"

"Vizuri."

"Rais wetu Bonaventure?"

"Yuko."

"Na manjanja? Manjanja wazima?"

"Wazima!" nikasema. "Wanakusalimia!"

Hapo wanawake wa pande zote mbili wakaanguka kwa kicheko. Honorine alicheka mpaka beseni lake likaegemea, akalishika kwa mikono miwili. Lakini hakutua. Hakuna aliyetua. Walikuwa wananingoja mimi, wale wanafiki.

Ernestine akachota maji kwenye sahani ya bati, akaisukuma mpaka mbele ya vidole vyangu visivyo na kucha. Nikaiangalia. Watu wanasema ndagala kavu ni nyepesi. Waje wasimame nazo nusu saa juani bila kutembea. Mzigo ukitembea nao ni mzigo. Ukisimama nao unakuwa mtu mwingine aliyekukalia.

Na kwa sababu nilikuwa nimesimama bila kazi, nikaangalia. Nilikuwa nimepita kivuko kile maelfu ya mara na sijawahi kusimama. Moto yenye magunia mawili ilishuka, ikapunguza mwendo kwenye mawe, dereva akashuka, akaisukuma, akanywa maji. Mzee mmoja na mbuzi wake akasimama, mbuzi wakanywa. Watoto wa shule wakakaa kuvua viatu. Kila aliyeshuka alisimama, apende asipende. Kwenye manjanja yetu hakuna aliyesimama ila yule aliyekuwa amekuja kununua tangu nyumbani. Nililiona hilo kwa macho yangu, na shingo yangu ikaliona zaidi.

Lakini bado sikutua. Niseme ukweli.

Kisha Ernestine akatazama jua. Saa tano. Akatoa miguu kwenye maji, akaifuta na kikwembe chake, akageuka, akapiga magoti mbele ya kitunga chake kilichojaa, akapitisha mkanda kwenye paji. Wenzake nao wakaanza kufunga. Hakuniomba. Uso wake haukuwa na hasira wala huzuni, ulikuwa uso wa mtu anayefunga mlango wa nyumba vizuri kabla ya kuhama.

"Haya, Mama Gracien," akasema. "Tumesalimiana vizuri."

Angeinuka tu, angekuwa amebeba. Na aliyebeba, haumuulizi bei.

Nikatua. Beseni likapiga chini, ndagala zikaruka.

"Nimetua kwa sababu shingo inauma!" nikapiga kelele. "Si kwa sababu ya maneno yako!"

Ernestine akavua mkanda polepole sana.

"Nilijua," akasema. "Shingo yako ndiyo yenye akili, tangu zamani."

Nikasikia nyuma yangu mabeseni saba yanatua, moja baada ya jingine, kama mvua inayoanza juu ya bati. Nikanawa miguu, maana desturi ni desturi. Maji yalikuwa baridi mpaka nikatoa sauti ya kitoto. Nikanywa. Kisha nikakaa mbele yake, na kopo langu.

"Moja kwa mawili," akasema.

"Toa kidole."

"Shindilia ndagala."

"Toa kidole kwanza!"

Ilikuwa kelele, wenzangu! Kelele kama ya harusi. Majuma matano ya maharagwe na majuma matano ya ndagala yalikutana kwa mara moja. Viazi vilibingirika majini, watu wakavifukuza. Katikati ya hayo akatokea Léopold wa Bwegera na moto yenye gunia la mchele, alikuwa ametoka kwa mteja kule juu, anakwenda kwenye manjanja, akashindwa kupita kwa ajili ya watu.

"Iko nini hapa?" akauliza. "Kuna maziko?"

"Kuna viazi," Honorine akamwambia. "Shusha."

Alishusha. Hakufika kwenye manjanja siku ile wala Jumanne iliyofuata.

Siku ile Ernestine alichelewa kuondoka kwa robo saa, na wenzake walimfokea. Lakini alifika kwake jua bado liko. Alinitumia ujumbe kwa simu ya jirani, akasema goti linauma na roho haiumi.

Sasa kivukoni kuna mama wa chai, kuna kijana wa kujaza upepo magurudumu, kuna mtu ananyoa vichwa. Hakuna aliyewaita. Bonaventure naye alikuja, shati limenyooka, akatembea juu ya mawe kama kuku, akasema komite ilikuwa imefikiria kivuko tangu mwanzo. Tulimwacha aseme. Kule kwenye manjanja wanauza nguo na sabuni, na panaendelea vizuri, sipatukani. Aliuliza ajenge nini hapa. Wengine wakasema meza. Ernestine akamwambia ajenge kipenu cha mvua, na benchi la mawe lenye urefu wa kiuno cha mwanamke, ili mtu aliyebeba ageuke, aegemeze kitunga bila kuinama. Akasimama mwenyewe wapime kwenye mgongo wake. Lile benchi liko pale, na kama kiuno chako ni kirefu kuliko cha Ernestine, utavumilia.

Juzi Fabiola alileta wanafunzi wake waangalie. Wasichana na wavulana thelathini wenye kaye. Aliwaambia habari za mito, za tope, za wale punda wa Ashuri, kisha akawaonyesha ziwa, mlima, na njia. Msichana mmoja aliyeketi mbele, anaitwa Providence, akanyoosha mkono akauliza nani ameanzisha soko hili.

"Minye," nikasema.

"Minye," Ernestine akasema.

"Nilikuwa wa kwanza kutua samaki hapa!"

"Minye nilitua majuma matano mbele yako!"

"Mwenye maharagwe bila samaki hana soko, ana kitunga!"

"Na mwenye meza bila maharagwe ana nini?"

Wanafunzi waliandika kila neno, wajinga wale, mpaka na matusi. Tungeendelea, lakini saa tano ikafika na Ernestine haichezei saa tano. Akaenda kwenye benchi lake, akajifunga, akainuka na ndagala zangu mgongoni, akaanza kupanda akiwa bado anabishana, sauti inapungua kila kona. Watoto walisimama wakamtazama mpaka alipobaki nukta ya kikwembe chekundu kwenye mteremko.

Fabiola akafungua kaye. "Sasa, Tate, niandike jina la nani?"

Nikaangalia huku na huku. Honorine alikuwa mbali, anapima.

"Andika Ernestine," nikamwambia. "Na mtu asimwambie."